Mtoto Anyamazaye Darasani

Msafiri atokaye Lodwar kwenda ziwani hufuata barabara ya kiasi cha kilomita 60, katika nchi kavu ya mchanga, mawe meusi na miti ya miiba, hata afike Kalokol. Kabla ya kufika huziona kando ya njia nguzo za mawe ziitwazo Namoratunga, zilizosimamishwa na watu wa kale maelfu ya miaka iliyopita. Maana ya jina hilo kwa Kiturkana ni watu wa mawe, na wenyeji husimulia ya kwamba hapo zamani walikuwa wachezaji wa ngoma, wakageuzwa mawe, wakanyamaza hata leo.

Katika madarasa ya chini ya shule za msingi mna watoto ambao mgeni akiwatazama angedhani nao wamegeuzwa mawe. Mwalimu huuliza, wenzao huinua mikono, wao hukaa kimya. Wenzao wakiimba herufi na namba kwa sauti moja, wao huchezesha midomo tu. Mwisho wa muhula huandikwa neno moja katika ripoti yao, "Dhaifu," na baada ya mwaka mmoja au miwili baba husema ya kwamba mtoto huyu shule haimfai, afadhali arudi kwa mbuzi. Hapo hasara imekwisha kuingia, wala hakuna aliyeuliza swali lililopasa kuwa la kwanza: mtoto huyu hunyamaza kwa sababu gani?

Kimya ni kimoja kwa kutazama, lakini sababu zake ni nyingi, na kila sababu ina dawa yake. Dawa ya mmoja ikipewa mwingine haifai kitu, tena yaweza kudhuru. Na wachukuliwe kwa mfano watoto watatu waketio katika benchi moja, ambao mwalimu mwenye haraka angewaandika wote watatu kwa neno lile lile.

LUGHA YA SHULE NA LUGHA YA NYUMBANI

Mtoto wa kwanza ni mzima kabisa. Nyumbani ni msemaji mkubwa. Hutega vitendawili, hutumwa kwa jirani akarudi na majibu kamili, na humweleza baba yake mbuzi aliyepotea kwa rangi yake, pembe zake na alama ya sikio lake. Lakini mambo hayo yote huyasema kwa Kiturkana. Maji kwake ni ngakipi. Siku ya kwanza shuleni asikia Kiswahili, na kabla hakijamwingia asikia na Kiingereza. Kiturkana ni ndugu ya Kikaramojong cha Uganda na Kitoposa cha Sudan Kusini. Hakina udugu na Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu, sembuse na Kiingereza. Basi mtoto huyu hunyamaza kama vile mtu mzima mwenye akili timamu angenyamaza akiketishwa katika baraza la watu ambao hajui lugha yao.

Jambo hili limeishughulisha Serikali ya Kenya tangu nchi ilipopata uhuru. Tume iliyoongozwa na Simeon Ominde, iliyotoa taarifa yake mwaka 1964, ilipendelea Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 kamati iliyoongozwa na Peter Gachathi ilishauri ya kwamba katika madarasa matatu ya kwanza watoto wafundishwe kwa lugha itumikayo mahali shule ilipo. Shauri hilo ndilo lililobaki kuwa msingi, na mtaala mpya ulioanza kutumiwa katika madarasa ya chini mwaka 2019 umelishika vile vile.

Lakini kuandika shauri ni jambo moja, na kulitimiza ni jambo jingine. Mwalimu aliyepelekwa Turkana kutoka sehemu nyingine ya nchi huenda asijue Kiturkana hata neno. Vitabu vya lugha za nyumbani, kama vile vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu, havimfikii kila mtoto. Tena katika mji wa wavuvi na wachuuzi kama Kalokol, ambako watu hutoka pande nyingi kutafuta samaki, darasa moja laweza kuwa na watoto wa lugha tatu au nne. Wako pia wazazi waaminio ya kwamba mtoto akianza kwa Kiingereza ndipo atakapofika mbali. Nia yao ni njema, lakini mtoto hujifunza kusoma mara moja tu katika maisha yake. Akiisha kujua maana ya kusoma katika lugha aijuayo, huihamisha maarifa hiyo katika lugha ya pili na ya tatu.

Hapo huzuka kosa la kuhesabu upungufu wa lugha ya shule kuwa upungufu wa akili. Na liko kosa jingine lililo gumu zaidi kuonekana. Kiturkana kina irabu ambazo mwisho wa neno hutamkwa kwa pumzi tu, kama mnong'ono, na mtaalamu wa lugha kutoka Uholanzi, Gerrit Dimmendaal, amezieleza katika kitabu chake cha sarufi ya Kiturkana kilichotolewa mwaka 1983. Mwalimu mgeni azisikiapo aweza kudhani ya kwamba mtoto humeza maneno. Kadhalika sauti kama f, v, z na sh hazimo katika sauti za asili za Kiturkana. Kwa hiyo mtoto asemaye "pundi" mahali pa "fundi" hana kilema cha ulimi. Ametumia sauti iliyo karibu katika lugha yake, kama mwalimu naye afanyavyo ajaribupo kutamka zile irabu za mnong'ono akashindwa.

Dawa ya mtoto wa kwanza, basi, si daktari. Dawa yake ni mwalimu, au msaidizi wa mwalimu, au hata mwanafunzi wa darasa la juu, awezaye kumweleza jambo jipya kwa lugha yake kwanza. Kwa msaada huo kimya chake hulegea siku kwa siku. Lakini asipoupata aweza kukaa miaka mitatu akinakili ubaoni maneno asiyoyajua maana, na mwandiko wake mzuri ukawadanganya wote.

MASIKIO

Mtoto wa pili hunyamaza kwa kuwa hasikii, au husikia nusu. Yule asiyesikia kabisa hutambulikana mapema, maana mama yake humwona hageuki aitwapo. Yule asikiaye nusu ndiye afichikaye. Leo hujibu, kesho hajibu. Akiitwa kwa karibu huja, akiitwa kwa mbali haji, na watu husema ni mkaidi. Kumbe husikia irabu nene za maneno lakini sauti nyembamba kama s na t zimempotea, na sentensi ya mwalimu humfikia imejaa matundu kama wavu mkuukuu.

Sababu za uziwi wa watoto zajulikana, nazo si laana wala uchawi. Wako wanaozaliwa nao. Wengine huupata kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa surua, au kwa umanjano mkali wa siku za kwanza baada ya kuzaliwa usiotibiwa upesi. Wengi zaidi huanza na usaha wa sikio unaotoka na kukauka, ukatoka tena, mpaka kiwambo cha sikio kikatoboka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2016 ya kwamba katika kila watoto 100 wenye upungufu wa kusikia, kiasi cha 60 wangeweza kukingwa. Hesabu hiyo yapasa kumwamsha kila mzazi. Sikio litokalo usaha lipelekwe zahanati, lifutwe kwa kitambaa safi kikavu, wala lisitiwe mafuta, maziwa, majani au kijiti.

Mtoto ambaye hawezi kusikia kabisa ahitaji lugha ya macho. Historia ya jambo hili katika Afrika ya Mashariki ni ya kuonya. Nchini Kenya Chama cha Watoto Viziwi kiliundwa mwaka 1958, na shule za mwanzo za viziwi zikafunguliwa Mumias na Nyang'oma mwaka 1961. Tanganyika, Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Lakini kwa miaka mingi walimu walishika mafundisho ya Ulaya ya siku zile, ya kwamba kiziwi alazimishwe kusoma midomo na kutoa sauti, na mikono yake ikatazwe. Watoto wengi walitumia miaka yao ya shule kujifunza kutamka maneno machache, wakakosa maarifa yenyewe. Ni katika miaka ya 1980 ndipo lugha ya ishara ilipoanza kuruhusiwa madarasani nchini Kenya. Leo imepata heshima yake: Katiba ya mwaka 2010 yaitaka Dola kuiendeleza, na katika Bunge ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Tofauti hii yafaa kushikwa sana. Mtoto kiziwi hana upungufu wa lugha ndani yake. Njia ya kupitia lugha ndiyo iliyozibwa. Akionyeshwa njia nyingine mapema, kabla hajafika umri wa kwenda shule, hukua na lugha kamili kama mtoto mwingine yeyote. Akicheleweshwa mpaka miaka kumi na miwili, akikaa nyumbani na ishara tano au sita za kuomba chakula na maji, madhara yake ni mazito, maana akili nayo hutaka maneno ili ipange mawazo yake.

LUGHA YENYEWE

Mtoto wa tatu husikia vizuri. Lugha ya nyumbani ameisikia tangu kuzaliwa, na hakuna aliyemnyima mazungumzo. Hata hivyo lugha hiyo haimshiki. Alichelewa kusema neno lake la kwanza. Wadogo zake wamempita. Akitumwa vitu viwili huleta kimoja. Akisimulia habari huanzia katikati, huacha jina la mtu, huchanganya la jana na la leo, na msikilizaji hukata tamaa. Katika michezo ya mikono na katika kuwajua wanyama aweza kuwa hodari kuliko wenzake, ndiyo sababu watu wa nyumbani hushangaa.

Wataalamu wameliangalia jambo hili sana katika miaka ya karibuni. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2016 ulionyesha ya kwamba watoto kiasi cha saba katika mia wana shida ya namna hii bila ya kuwa na sababu nyingine ijulikanayo. Hesabu hiyo ni ya Uingereza, lakini ikiwa ni dalili tu ya mambo yalivyo kwingine, basi katika kila darasa la watoto 30 yumkini wako wawili. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi kadhaa walikubaliana kuiita shida hii kwa jina moja, ambalo kwa Kiswahili twaweza kusema ni tatizo la ukuaji wa lugha. Halitokani na malezi mabaya, wala na uvivu, wala na kusema lugha mbili.

Neno hili la mwisho lafaa kukaziwa, kwa sababu katika nchi ya lugha nyingi ndilo lisemwalo kwanza. Mtoto hapotezi lugha kwa kujifunza lugha ya pili. Mamilioni ya watoto wa Afrika husema lugha mbili au tatu bila shida yoyote. Mwenye tatizo la ukuaji wa lugha huonyesha tatizo hilo katika kila lugha aliyo nayo. Na hapa ndipo lilipo jaribio litenganishalo mtoto wa kwanza na wa tatu, jaribio lisilotaka chombo wala fedha: asikilizwe katika lugha ya mama yake. Wa kwanza, akiulizwa kwa Kiturkana asimulie jinsi fisi alivyoingia zizini, atasimulia hata kengele ilie. Wa tatu atashindwa hapo pia. Mwalimu asiyejua Kiturkana hawezi kulifanya jaribio hili peke yake. Lakini mama wa mtoto yupo, naye ni shahidi bora kuliko karatasi ya mtihani. Aulizwe mtoto alianza kusema lini, ikilinganishwa na ndugu zake. Kama watu wasio wa nyumbani humfahamu. Kama hufuata hadithi ya jioni au hulala kabla haijapamba moto.

WASEMAO KWA SHIDA

Wako na wengine ambao lugha wanayo ndani, lakini hutoka kwa taabu. Mwenye kigugumizi ajua kabisa anachotaka kusema. Kiasi cha watoto watano katika mia hupata kigugumizi kwa muda fulani wa utoto, na wengi wao hupona wenyewe. Mmoja katika mia hivi hubaki nacho. Haimsaidii kuambiwa "sema upesi," wala kumaliziwa neno lake, na kumcheka humharibu. Jambo la ajabu ni kwamba wengi wenye kigugumizi husoma bila kukwama wasomapo pamoja na wenzao kwa sauti moja. Mwalimu aweza kulitumia hilo: asome naye pamoja kwanza, kisha ajitoe polepole, amwache aendelee.

Wako wazaliwao na mdomo au kaakaa lililopasuka, ambao maneno yao hutokea puani. Hawa dawa yao ya kwanza ni ya daktari mpasuaji, na kadiri ifanywavyo mapema ndivyo usemi unavyonyoka. Yafaa kukumbuka ya kwamba madaktari watatu walioanzisha huduma ya Madaktari Warukao mwaka 1957, ambayo leo ni Amref, yaani Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, wote walikuwa wapasuaji wa kutengeneza nyuso na viungo vilivyoharibika. Mzazi asimfiche mtoto wa namna hii ndani ya nyumba. Mkato uliozibwa mapema huweza kumwacha mtoto na kovu dogo tu.

Wako pia wale ambao viungo vyao vya kusemea vimelegea kwa sababu ya madhara ya ubongo wakati wa kuzaliwa. Mtu awaonapo wakitokwa na mate hudhani hawana akili. Wengi wao wanazo, nao wakipewa ubao wenye picha, wakaonyesha kwa kidole au kwa jicho, husema mengi.

MAMBO YA KAKUMA

Kutoka Lodwar kwenda kaskazini-magharibi kiasi cha kilomita 120 ipo Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Sudan, wengi wao wakiwa vijana wa kiume wasio na wazazi. Baadaye walikuja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengine, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakaanza kupokea watu karibu na hapo. Shule zao hufuata mtaala wa Kenya, na mara nyingi darasa moja la chini huwa na watoto zaidi ya mia.

Katika umati huo kazi ya kutambua kimya cha mtoto ni ngumu mara mbili. Lugha za nyumbani ni nyingi hata mwalimu mmoja hawezi kuzijua. Mtoto aliyekuwa darasa la nne kwa Kiarabu au Kifaransa aweza kuketishwa na watoto wadogo wa darasa la kwanza kwa kuwa hajui Kiingereza. Mwingine ameona mambo ya vita yaliyomfunga kinywa. Huyo ataka usalama, ratiba isiyobadilika, na mwalimu asiyepaza sauti, kabla hajatakiwa maneno. Hata lugha ya ishara si moja duniani: mtoto kiziwi aliyesoma katika nchi nyingine hufika na ishara zake, naye yampasa ajifunze za Kenya. Lakini Kakuma nako kuna mali isiyopatikana kwingine, maana karibu kila lugha ina mtu mzima kambini aijuaye. Akiitwa mtu huyo nusu saa tu kumsikiliza mtoto, jaribio la lugha ya mama laweza kufanyika.

Darasa kubwa lina hatari nyingine. Mwalimu mwenye watoto mia hufundisha kwa kuitikiza, na wimbo wa darasa zima hupendeza kuusikia nje. Lakini ndani ya wimbo huo mtoto asiyesikia, asiyefahamu na asiyeweza kutamka wote wamefichika. Kwa hiyo kila siku watoto watano waulizwe mmoja mmoja, swali dogo, kwa zamu. Kwa mwezi wa siku 20 za masomo watoto mia watakuwa wamesikika, na mwalimu atajua ni nani asiyesikika.

SOMO LA KIWANDA CHA SAMAKI

Kalokol yenyewe ina funzo juu ya msaada. Baada ya njaa ya miaka ya 1960 na 1961, Waturkana wengi waliopoteza mifugo walihimizwa kuvua samaki katika Ghuba ya Ferguson, katika ziwa lililoitwa Rudolf hadi mwaka 1975. Kwa fedha za Norwe kilijengwa hapo kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiligandisha kwa muda mfupi sana, kikasimama. Gharama ya nguvu za umeme ilizidi faida ya samaki, na katikati ya miaka hiyo ghuba yenyewe ikakauka. Walioendelea ni wanawake na wavuvi waliokausha samaki kwa jua na chumvi, kwa maarifa yaliyolingana na mahali.

Msaada kwa watoto wenye shida ya lugha waweza kupatwa na yale yale. Chombo cha kusaidia kusikia ni kitu chema, lakini kikiletwa bila betri za akiba, bila fundi, na bila mtu wa kumfundisha mtoto na mama yake, vumbi na jasho la Turkana hukimaliza, kikabaki sandukuni. Karatasi za kupimia lugha zilizotungwa London zikiletwa Kalokol humwuliza mtoto juu ya theluji na garimoshi, zisimwulize juu ya ngamia na mashua. Mtoto akishindwa hapo, kilichoshindwa ni karatasi.

Misingi ya kienyeji imekwisha kuwekwa. Vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa nchini Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na Chuo cha Elimu Maalumu cha Kenya kikaundwa mwaka 1986 kuwafunza walimu wa kazi hii. Elimu ya msingi bila karo ya mwaka 2003 iliwaingiza shuleni watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 2008 kuwafundisha wataalamu wa tiba ya usemi na lugha. Wataalamu hao wangali wachache mno katika nchi zote za Afrika ya Mashariki, na mtoto wa Kalokol hawezi kungoja mpaka wamfikie. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi i mikononi mwa mwalimu wa kawaida.

KAZI YA MWALIMU NA YA MZAZI

Mwalimu aanze na masikio, kwa kuwa ndiyo rahisi kuyajaribu. Asimame nyuma ya mtoto, amwite kwa sauti ya chini, kisha amtajie majina ya vitu vitatu vilivyo mbele yake avinyoshee kidole. Akishindwa apelekwe hospitali apimwe, na wakati huo akae mbele, upande wa sikio zuri, mahali aonapo uso wa mwalimu katika mwanga. Mwalimu asiseme huku ameugeukia ubao.

Kisha asikilizwe katika lugha ya nyumbani, kama ilivyoelezwa. Akionekana kuwa na shida ya lugha yenyewe, maagizo yake yakatwe mafupi, moja moja. Vitu vyenyewe viletwe darasani: kamba, ndoano, samaki mkavu, kibuyu, maana neno lililoshikwa kwa mkono halisahauliki upesi. Maneno mapya ya somo la kesho afundishwe leo. Akiulizwa apewe nafasi. Mwalimu ahesabu kumi moyoni kabla ya kumgeukia mwingine. Na akisema kwa makosa, asikemewe, bali mwalimu amrudishie sentensi ile ile ikiwa sawa, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anamkubalia. Mambo haya hayamdhuru mtoto mwingine yeyote. Mtoto wa kwanza wa benchi lile, aliyekosa Kiswahili tu, hufaidika nayo vile vile.

Mzazi naye asiache kusema na mtoto wake kwa lugha ya nyumbani akidhani ya kwamba amfungulia njia ya shule. Hadithi za jioni, vitendawili, majina ya nyota na ya mifugo, hayo yote ni shule ya lugha. Mwenye mtoto kiziwi ajifunze ishara pamoja naye, na ndugu zake wajifunze, ili nyumbani pasiwe mahali pa upweke. Wala asimwache mtoto kwa sababu ya maneno ya majirani ya kwamba ni laana. Haki ya mtoto huyu ya kusoma imeandikwa katika Katiba sawasawa na ya ndugu yake msemaji.

Wavuvi wa ziwani wajua ya kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Akiisha kukauka huvunjika. Mtoto wa miaka sita aliyenyamaza darasani bado ni mbichi. Kabla neno lile "Dhaifu" halijaandikwa katika ripoti yake, na kabla baba hajampa fimbo ya kuchungia, amwite mama yake shuleni, aketi naye chini ya mti, amwulize kwa utaratibu: mtoto huyu nyumbani husema? Jibu la mama huyo, liwe ndiyo au siyo, ndilo mwanzo wa masomo yake.